Rangi za dhahabu za usoni: nimejaribu tatu, moja imenitia hasira mpaka leo

Naanza na yule kaka wa duka maana yeye ndo kanifanya niandike, la sivyo hizi rangi ningezinyamazia tu. Nilishuka Kariakoo siku chache kabla ya bethdei ya mtoto wa dada'angu, mwenyewe anataka yeye na wageni wake wote wapakwe sura ya simba, na simba eti ang'ae kama dhahabu. Nikamwonyesha kaka picha kwenye simu, mtoto kabisa, macho na mashavu yanaonekana, nikamwambia nataka ya hivi. Akanitolea kikopo cha unga. Nikauliza hii ni ya usoni? Hata hakuinua kichwa, anachati zake, "Dada, rangi ni rangi, paka tu."

Na mimi nikalipa. Ndo hapo najichukia.

Nyumbani nilishakuwa na mbili zingine, ya mafuta na ile kavu ya kulowesha na maji, basi nikajipaka zote tatu mkononi kuanzia kiganja mpaka kiwiko nikatoka nje kusimama juani, majirani wakaniangalia wee. Ya mafuta ndo rahisi kuliko zote, unachota kwa kidole, unapaka, umemaliza, hata asiyejua kuchora anaweza. Ila haikauki jamani! Kwa joto hili la Dar muda si mrefu iko kwenye kola ya shati, iko kwenye kochi la watu, iko kwenye keki. Ukiipaka poda juu inatulia kidogo lakini poda hiyo hiyo inaua mng'ao, sasa faida yake nini.

Ya maji wengi wanaikosea, na mimi nimeikosea miaka, tunailowesha kama rangi za shule. Mng'ao wake unatoka kwenye mika, madini yanayobanduka kama karatasi nyembamba, vile vipande vidogo vikilala bapa kwenye ngozi vinarudisha mwanga, ukizidisha maji vinatawanyika unabaki na unjano wa uji wa mtoto mchanga. Lowesha sponji, ikamue mpaka ukiiminya haidondoshi hata tone, izungushe juu ya rangi mpaka iwe nzito kama mtindi, halafu gongagonga shavuni, usisugue. Sharubu na manyoya pitisha brashi mara moja tu, ukirudiarudia unaikwangua ya chini. Inakauka haraka, inatoka kwa maji na sabuni, mi hapo nikasema tumemaliza, hii ndo ya watoto.

Ila kile kikopo cha unga... Maji kiliyakataa, unga ukawa unaelea juu juu. Nikatia mafuta ya nazi kidogo. Weee! Kilingʼaa kama sinia la shaba lililosuguliwa kwa majivu. Zile mbili zikaonekana kama zimepakwa vumbi. Nikafuta mkono haraka haraka nikalale, nimeshapata mshindi, na sikuacha hata nusu saa kuona ngozi itasema nini.

Siku yenyewe nikaanza na mwenye bethdei. Kapendeza, dada kapiga mapicha, wenzake wamepanga foleni, mara mtoto ananivuta gauni, "Mamdogo inawasha." Nikadhani ni utoto. Akaanza kujikuna, kuangalia shavu jekundu. Nikamfuta na pamba na mafuta ya nazi, ile pamba ikatoka na ukijani kama sarafu ya zamani, moyo ukanipasuka. Ndo nageuza kikopo chini, maandishi madogo kama chawa: shaba na zinki, ya kupakia mbao na fremu za picha. Yaani nimempaka mtoto wa watu vumbi la chuma!

Na msiniambie nilitaka maajabu. Unga wa dhahabu wa kupaka mwilini upo, kampuni ya vipodozi ya Mehron ya Marekani wanao na wanauza na maji yake maalumu ya kuchanganyia. Yule kaka angesema tu sina, ningeondoka salama.

Waliobaki niliwapaka ya maji, tena kwa mikono inayotetemeka. Na hapo pia nisiwadanganye, walivyotoka kwenye bembea na jasho lao simba wote wakawa wanachirizika mpaka shingoni, nikaanza kuitamani ile ya mafuta niliyoiponda, kochi lingechafuka lakini simba angebaki simba. Kwa hiyo sijui. Pakiwa na feni au kiyoyozi chukua ya maji, kama ni uwanjani na watoto wa kukimbia mi sasa hivi ningepaka ile ya mafuta nikawafukuza kwenye makochi.

Mtoto alipona kesho yake, nikarudi dukani na kikopo na picha ya shavu. Kaka kaninyooshea kidole kwenye karatasi ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia mtoto kaungua, akaiangalia picha, akacheka, akasema, "Lakini si iling'aa?"

Sijawahi kukosa jibu hivyo maishani mwangu. Kwa sababu iling'aa, shetani yule.

Kikopo nikarudi nacho, nimekipakia fremu ya kioo cha sebuleni. Imetoka nzuri mpaka nikipita hapo nasonya.