Mifuko ya kunyonya hewa: leso zangu zimeingia kawa

Mimi si mtu wa kulalamika ovyo, wanaonijua wanajua. Lakini juzi nilifungua mfuko, nikavuta pumzi moja tu, nikajikuta nimekaa sakafuni.

Nina ugonjwa wa vitambaa. Nashona mifarishi ya viraka, na kila nikipita Biashara Street sirudi mikono mitupu: leso, vitenge, mabaki ya mafundi yaliyofungwa fundofundo. Pindo za leso nazungushia, mji, ile sehemu ya katikati, natoa viraka. (Na msije kuniambia leso haikatwi. Wazee husimulia kuwa leso yenyewe ilianza kwa kuunganisha vitambaa sita vya mkono, kwa hiyo viraka vilitutangulia.)

Basi kabati likajaa, chini ya kitanda kukajaa, mzee wa nyumba akaanza kuguna. Shoga yangu akanionyesha video: unatia nguo kwenye mfuko wa plastiki, unavuta hewa kwa pampu, mlima unakuwa chapati. Nikaenda duka moja hapa mjini, nikanunua sita. Siku ile, wallahi, nilimpigia simu hata wifi yangu kumsifia. Nilipanga kwa rangi, nyekundu peke yake, buluu peke yake, nikasukuma vyote uvunguni nikalala usingizi mzuri.

Mvua za mwaka zikaja, zikaenda. Nilipoutoa mfuko wa nyekundu nikaona haukuwa chapati tena, umevimba kama andazi. Mdomo wake ulikuwa umeachia pembeni. Kufungua, uvundo. Kisutu, leso ya aina yake, kimechuja rangi juu ya kila kilichokigusa. Na chini yake leso ya mamangu, Mungu amrehemu, ile sikuwahi hata kuitia mkasi. Jina lake WEMA HAUOZI. Kawa imepanda juu ya maandishi, vidoa vyeusi kama ufuta, herufi kwa herufi, utadhani kuna mtu aliyekaa akaviandika.

Nikaufunga mfuko na leso ndani, nikapanda tuktuk hadi dukani. Kijana hakuinua macho kwenye simu. "Mama, kwani ulitia nguo mbichi?"

"Mwanangu, nafua leso tangu mamako hajaolewa. Uangalie kwanza huu mdomo wa mfuko."

Akaushika kwa vidole viwili, akacheka, akamwita mwenzake kule nyuma: "Njoo uone, mama ametuletea matambara."

Matambara! Pesa sikuzitaka tena. Nilitoka pale jua kali nikapita kituo changu cha matatu bila kukiona, neno lile likinizunguka kichwani. Leso aliyojifunga mamangu siku ninayoingia chuoni, leo ni tambara la kuchekewa na mtoto anayeuza ndoo.

Nimekaa siku kadhaa kabla ya kuandika, nisije nikamdhulumu mtu. Haya, niseme ukweli. Leso zile nilizianua jioni ya mawingu. Mkononi zilikuwa kavu, lakini pamba hunywa unyevu wa hewa hata ukiiona kavu, na hewa yetu hii ya pwani mnaijua, chumvi yenyewe hulowa mezani. Ukishaifungia kwenye plastiki, unyevu ule utokee wapi? Nyanya alikuwa na kasha la msaji, karafuu pembeni, na kila baada ya muda anatoa leso zote, anazianika juani kidogo, anakunja upya mkunjo mwingine, anazifukiza udi. Zile leso ni wakubwa zangu na hazina doa. Nami nilikuwa namcheka kwa kupoteza wakati.

Kwa hivyo kijana hakukosea sana kuuliza. Alikosea kucheka. Na mdomo wa mfuko ulikuwa mbovu, hilo silirudishi nyuma.

Kwa haki pia, mifuko miwili niliyotia pamba ya polista ya kujazia mifarishi bado ni bapa vilevile, haina harufu, imenipa nafasi ya kuweka hata cherehani ndogo. Polista hainywi maji. Kwa kazi hiyo, nunueni, ni mizuri. Ningetoa nyota tatu. Nne labda, nikikumbuka uvungu wangu ulivyokuwa.

La, natoa mbili. Nikiandika hapa namsikia yule akimwita mwenzake.

Leso iko uani, naipaka ndimu na chumvi na kuianika juani, mara ya tatu hii. WEMA imeshatakata. HAUOZI bado.