Nimesoma The Only Good Indians nikazima pangaboi: uzoefu wangu

Nilizima pangaboi saa saba usiku, mwezi wa Februari, Mbagala. Anayeishi Dar anajua maana ya kulala bila pangaboi Februari. Nilikuwa chali kitandani, kitabu kifuani, na kila nikiinua macho naziona zile panga zinazunguka, namkumbuka Lewis wa kitabuni. Nikanyoosha mkono ukutani nikabonyeza. Nilitoka jasho hadi adhana ya alfajiri.

Kitabu ni The Only Good Indians cha Stephen Graham Jones, riwaya ya kutisha iliyotoka mwaka 2020 na kushinda tuzo ya Bram Stoker pamoja na ya Shirley Jackson, ambazo kwa wapenzi wa vitabu vya vitisho ni kubwa. Nilikimaliza wiki tatu zilizopita, kisha nikarudia sehemu ya pili yote. Sikutaka kuandika haraka kwa sababu kimenigusa mahali ambapo sikutegemea.

Kwanza niseme kinahusu nini, bila kuwaharibia. Wanaume wanne wa Blackfeet, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, Ricky, Lewis, Gabe na Cass, wamekulia katika ardhi ya kabila lao huko Montana, kaskazini mwa Marekani, mpakani na Kanada. Miaka kumi iliyopita, Jumamosi ya kuelekea sikukuu ya Thanksgiving, waliingia kuwinda katika eneo lililotengwa kwa ajili ya wazee tu. Walijua hawaruhusiwi. Theluji inaanguka, wamekaa msimu mzima bila kupata kitu, mara wanakuta kundi la elki limesimama chini yao. Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, ila ana mwili mkubwa wa kukaribia pofu wetu. Wakafyatua risasi kama watu waliopandwa na kichaa. Katika waliopigwa alikuwemo jike mmoja mdogo, mwenye mimba wakati ambao si wa mimba. Risasi ya Lewis haikumuua. Akainuka. Akapigwa tena, akajaribu kuinuka tena. Lewis akamwahidi kwamba hakuna kitu chake hata kimoja kitakachotupwa.

Askari wa wanyamapori akawakamata, wakaadhibiwa, maisha yakaendelea. Lewis akahama, akaoa mwanamke mzungu aitwaye Peta, akapata kazi posta katika mji wa Great Falls. Peta hali nyama. Unaona mwenyewe kwa nini habari ya ile Jumamosi haikuwahi kukaa mezani kwao.

Sasa ngazi. Sebuleni kwa Lewis kuna taa inayopepesa, inawaka na kuzima bila mpango. Anapanda ngazi kuitazama. Akiwa kule juu, karibu na dari, anatazama chini kupitia panga za feni inayozunguka, na pale kwenye zulia, katikati ya sebule yake, amelala yule jike wa elki, ubavu mmoja, miaka kumi baadaye. Anaonekana katika nafasi ya upanga na upanga tu. Hakuna mlango uliogonga, hakuna paka mweusi, hakuna sauti. Ni zulia la nyumbani, taa mbovu, na mtu aliyepanda ngazi kufanya kazi ya mchana. Nimesoma vitabu vingi vya vitisho na sijui kingine kilichonitia baridi kwa vitu vichache namna hiyo.

Kinachofuata ndicho kilichonifanya niseme huyu mwandishi anajua binadamu. Lewis hakimbilii kwa mganga wala kwa padri, wala hamwiti mkewe akamwambia, "Mama, kaa hapa, kuna jambo nililifanya." Anaanza kupiga hesabu. Nani kaingia katika maisha yangu karibuni? Nani ana tabia isiyo ya kawaida? Nani alisema neno lile siku ile? Mtu wa kwanza kumsimulia habari ya uwindaji kwa kirefu ni Shaney, mwanamke wa kabila la Crow anayefanya naye kazi posta. Kisha anaanza kumshuku huyo huyo aliyemsikiliza. Baadaye macho yake yanageukia hata ndani ya nyumba.

Mimi ni mtoto wa Usukumani. Hesabu za namna hiyo nimezisikia zikipigwa kwa sauti ya kawaida kabisa, watu wakiwa wamekaa kwenye vigoda. Kwetu, Shinyanga, Mwanza na Simiyu, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe ambacho bibi amepikia maisha yake yote. Mtoto anaugua, ng'ombe anakufa, na mwenye uchungu anatafuta alama kwa aliye karibu. Akishaitafuta, ataiona. Lewis anatafuta alama namna hiyo hiyo, na mwandishi anatuweka ndani ya kichwa chake kiasi kwamba kila hatua inaonekana ina akili. Nilijikuta nakubaliana naye. Nilipofika ukurasa ambao anatenda kile anachotenda, nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshamshuku yule mtu pamoja naye.

Kuna na jambo la baba yangu.

Baba alikuwa na gobore. Enzi zile, akitoka na wenzake wawili, tulikuwa tunakula nyama ya porini juma zima. Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi usiku nilipoamka kwenda haja nikaona mwanga wa kandili nyuma ya zizi. Baba alikuwa anachimba. Alichimba polepole kwa jembe la mpini mfupi, shati amelivua, na pembeni yake kulikuwa na kitu kimefungwa kwa gunia, kidogo, kama mzigo wa viazi. Sikusogea. Asubuhi mahali pale palikuwa pamefunikwa miiba ili mbwa wasifukue. Pofu jike alikuwa amechinjwa usiku ule, na nyama yake yote iligawiwa majirani, sisi hatukuonja. Gobore likaenda kwa baba mdogo na halikurudi. Mama aliniambia sentensi moja tu, na aliisema mara moja tu: "Baba yako alikuta mtoto ndani." Mzee amefariki bila kulitaja jambo hilo.

Kwa hiyo niliposoma habari ya yule jike anayeinuka, anaanguka, anainuka, nililia. Sijawahi kulia kwa riwaya ya vitisho. Wanaosema vitabu vya aina hii ni upuuzi wa damu na mizimu, ningependa waanze na kurasa zile.

Kitabu kina historia chini yake ingawa hakikai kukufundisha. Jina lake limetokana na msemo wa chuki kwamba Mhindi Mwekundu mzuri ni yule aliyekufa, msemo unaohusishwa na jenerali Philip Sheridan wa jeshi la Marekani katika karne ya 19. Nikaenda kusoma zaidi kuhusu Blackfeet, nikakuta kwamba katika majira ya baridi ya mwaka 1883 na 1884, nyati wakiwa wamekwisha kuangamizwa na chakula cha serikali hakitoshi, mamia yao walikufa kwa njaa. Watu ambao babu zao walikufa kwa kukosa nyama, wajukuu wanaua kundi kisha nyama inaachwa kwenye theluji. Ukilijua hilo, aibu ya wale vijana wanne inakuwa na uzito mwingine, na hata yule askari aliyewakamata unamwelewa. Jones mwenyewe ni Blackfeet, na inaonekana. Watu wake wanataniana, wanadaiana, wanaheshimu wazee nusu nusu, wana mbwa na magari mabovu. Lewis ana kawaida ya kujitungia vichwa vya habari za gazeti kuhusu kifo chake mwenyewe, kana kwamba anajua gazeti litamwandikaje mtu wa kabila lake siku akifa. Hilo linauma zaidi kila unavyoendelea.

Nina malalamiko, na nayasema kwa sababu nakipenda.

Wanawake wa sehemu ya kwanza wanaumizwa sana ili sisi tuuone uchungu wa mwanamume. Peta ni mtu mzima kabisa, mwenye akili, mcheshi, ana mapenzi ya kweli kwa mumewe. Nilitaka kurasa zaidi ndani ya kichwa chake, hata tatu. Sikupewa. Shaney vilevile. Mwandishi anarekebisha mizani baadaye kwa Denorah, binti wa Gabe, msichana anayecheza mpira wa kikapu kwa hasira na nidhamu, na huyo nimempenda mno. Lakini Peta bado ananikaa moyoni.

Pili, mpira wenyewe wa kikapu. Kama hukuucheza shuleni, kuna kurasa ambazo utapita kama unapita kwenye matope. Miguu, mikono, pasi, hatua mbili, kurusha. Nilikasirika, nikataka kuruka. Msiruke. Mchezo ule ndio mahali ambapo deni la baba linamfikia mtoto ambaye hakuwepo siku ya risasi, na mwili wa yule binti ndio unaolipa, kikapu kwa kikapu. Niliuelewa nilipokuwa karibu kuumaliza.

Mbwa wanaumia. Kama hilo hulivumilii, acha. Na kuna tukio moja la damu ndani ya nyumba ambalo mwenye mimba, au aliyetoka kupoteza mimba, ningemshauri asilisome kabisa. Nasema kama dada.

Kiingereza chake si cha shule. Ni cha mtaani, kinakata sentensi, kinarukia mawazo, na majina ya vitu vya pikipiki na bunduki ni mengi. Mimi nafundisha sekondari na bado kurasa 30 za mwanzo nilizisoma mara mbili. Sehemu ya Ricky inayofungua kitabu, nje ya baa huko North Dakota, ni fupi na ya kasi; usipoielewa yote usijali, songa, ukifika kwa Lewis mambo yanakaa sawa. Ipo pia sauti, imesomwa na Shaun Taylor-Corbett, na nilimsikiliza kwenye daladala nikienda kazini. Anasoma vizuri mno, hasa utani wa Gabe na Cass, ila sehemu ya Lewis nakushauri uisome kwa macho. Ile ngazi inataka ukimya.

Kuhusu kununua: nakala yangu ya kwanza niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni, na ilikuja na kurasa zilizojirudia, halafu nyingine hazipo kabisa, katikati kabisa ya sehemu ya Lewis. Hebu fikiria, mtu anaanza kumshuku mwenzake, unafungua ukurasa unaofuata unakuta tena yale uliyoyasoma juzi. Nilidhani ni mbinu ya mwandishi! Nilikaa na mashaka hayo siku nzima kabla ya kuangalia namba za kurasa. Muuzaji alichukua siku tisa kujibu, akarudisha fedha, nakala nzima nikaipata kwa mtu mwingine kwa shilingi 42,000. Ukipokea yako, pitia namba za kurasa kabla hujatoa hela ya mwisho.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo sijalimaliza kichwani. Kila baada ya muda, kitabu kinaacha kusema "yeye" na kinaanza kusema "wewe". Unasoma habari za hawa wanaume, mara unaambiwa wewe umesimama, wewe unawatazama, wewe unakumbuka harufu yao. Inachukua muda kutambua kwamba mwandishi amekuhamisha. Hukai tena upande wa wenye bunduki.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama, yuko kijijini, nikamweleza kitabu chote tangu theluji hadi ngazi. Hakusema kitu. Nikamuuliza kama baba aliwahi kuona chochote baada ya usiku ule wa kandili. Akasema alikuwa akiamka na kukaa kitandani, akiulizwa anasema anasikiliza ng'ombe. Miaka mingi, akasema. Kisha akaniomba nimsomee kidogo. Nikachagua moja ya sehemu zile za "wewe", nikawa natafsiri kwa mdomo, taratibu, neno kwa neno, Kiswahili kikinikwama nachomeka Kisukuma.

"Wewe nani?" mama akauliza. "Anasema na nani hapo?"

Nikamwambia wewe ni yule mnyama.

Akanyamaza, nikasikia kuku wake, nikasikia mtu anapita akimwamkia na yeye haitikii. Akasema nirudie kuanzia mwanzo. Nikarudia, tukaendelea hivyo mpaka salio langu likakata.