Mizajuri iligeuza telefone yangu rangi ya matofari, uzoefu wangu wa wiki tatu

Yambo bandugu. Mi niko na kabini ya kutuma na kutosha falanga hapa komini ya Kenya, Lubumbashi (Kenya ya kwetu, haina ile inchi ya Nairobi). Telefone ya kazi ni Android ya bei ya chini, jina ya bale baliitengeneza naliacha juu sitafuti mambo na mutu.

Siku ya posho mangaribi nilikuwa kwa yaya yangu Katuba, kule beko na wifi, telefone ikaniomba kufanya mizajuri, ile batu ba Tanzania banaita apdeti, nikagusa ndiyo bila kusoma, nani anasomaka ile maneno yote. Asubui nafungua, kila kintu rangi ya matofari. Saa, mabutoni, menyu, mpaka ile namba za kupigia. Nikasema telefone imeingia virusi.

Kumbe haikuwa virusi. Mutoto wa yaya, ule anasoma informatike, njo alinieleza: tangu Android 12 ya mwaka 2021 mashine inaangalia foto yenye umeweka nyuma, inachagua rangi mule ndani, kisha inapaka nayo telefone muzima. Sasa foto yangu ilikuwa binti yangu siku ya komunyo, amevaa nguo nyeupe, amesimama mbele ya ukuta wa matofari. Mashine haikuona mutoto, iliona ukuta.

Ile peke yake ningeivumilia. Shida kubwa ni ma ikone, zile picha ndogo za programu. Android 13 ya 2022 ilileta mambo ya kuvalisha hata programu zenye batu bengine balitengeneza rangi moja na foto, ni kintu mutu anawasha mwenyewe lakini kwa yangu sijue nani aliiwasha. Na kwa yangu haishike zote, programu yenye haina ile alama ya rangi moja inabaki vile ilikuwaka. Basi kwangu nusu matofari, nusu rangi yao ya zamani, sawa shati ya viraka.

Mutu wa ofisi ataniambia rangi ni kintu gani. Kuya ukae siku moja chini ya parasole yangu. Huku batu habasomi jina ya rezo, ile kampuni ya simu, banasoma rangi. Orange inajisema yenyewe, Africell ni zambarau, Vodacom na Airtel zote nyekundu lakini wekundu wao mutu wa huku anautofautisha akiwa mbali, na bakubwa bangali banakumbuka Vodacom ikiwa bluu. Niko na mama moja anauzishaka mboga, kila juma ya kwanza anatuma falanga kwa mutoto wake Likasi. Kusoma hajui. Anainamaka, anaangalia ekra, akiona wekundu njo anafungua kitambaa chake na kutosha falanga. Ile siku aliangalia, akanyamaza, akafunga kitambaa tena.

"Mwana, hii telefone ni ya nani?"

"Ni ile ile mama, rangi tu njo ilibadilika."

"Falanga yangu siiweke mu kintu sijue."

Akaenda kwa jirani. Jirani telefone yake ni ya mabutoni, haijue hata mizajuri ni nini.

Na mimi mwenyewe, mwenye kusoma, nilianguka. Niko na namba mbili za rezo moja, moja ya kazi, moja yangu, mbele moja ilikuwa na alama ya bluu na ingine ya machungwa, kidole kilizoea. Sasa zote mbili matofari, moja imekolea kidogo tu. Bakliya batatu mbele yangu, jua ya saa saba, nikanunua forfe ya mega, ile ya kuingia intaneti, ku namba ya kazi. Dola tano. Ile namba haifungukake intaneti hata siku moja, mega zililala mule mpaka zikakufa.

Sitasema yote ni mubaya. Ile ekra nyeusi, yenye Android ilianza kuweka ku telefone muzima tangu 2019, usiku kura (umeme) ikikatika ni muzuri sana, haichome macho. Lakini muchana inje naitosha, juu ekra inakuwa kioo, badala ya kuona salio naona kipaji cha uso wangu. Na bale banaoniambia inachunga batri, bangalie kwanza ekra yao: ile ya OLED ndiyo, pa weusi taa inazimika kabisa, lakini yangu ni LCD, taa ya nyuma inawaka tu hata ukiweka weusi wa makaa. Mutoto wa yaya yeye anaipenda yote, kila siku anabadilisha foto, leo kijani kesho pinki. Hana kabini.

Basi, kama imekukuta: bonyeza muda mrefu pa nafasi wazi ya ekra, ingia pa foto ya nyuma na mtindo, pa rangi acha zile za foto uchague za kawaida, kisha zima ma ikone ya rangi ya foto. Yangu ilimalizika kwa dakika mbili, lakini kuitafuta ilikamata siku tatu. Ma namba niliyapa majina, KAZI na YANGU, rangi siiamini tena.

Mama wa mboga alirudi juma iliyofuata. Akainama, akaona wekundu, kitambaa kikafunguka. Na binti yangu amerudi pale nyuma na ukuta wake, juu kwanza nilikuwa nimemutosha na akanuna siku mbili.