Nunua Bamba, Stensili Jikatie: Tathmini ya Gelli Arts ya Inchi 8 kwa 10

Bamba la jeli la Gelli Arts, kampuni ya Philadelphia nchini Marekani, ni kipande laini na angavu, unene wake kama milimita 6, kinachotikisika kama jeli ya watoto kwenye bakuli. Unalipaka rangi ya akriliki kwa rola, unapanga majani na stensili (plastiki iliyokatwa matundu ya maumbo) juu yake, unalaza karatasi, unasugua kwa kiganja, unainua. Hakuna mashine wala wino wa mafuta. Kwa anayetaka chapa za mimea zenye matabaka, jani juu ya jani na rangi ikichungulia chini ya rangi, hiki ndicho kifaa cha mezani tunachokipendekeza. Bamba linastahili bei yake. Vifurushi vya stensili vinavyouzwa pembeni yake, hapana, na sababu tutaifikia.

Inchi 8 kwa 10 ni sentimita 20.3 kwa 25.4. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo kila upande unabakiwa na milimita 3 hivi tu. Mkono ukiyumba kidogo, karatasi inakaa mshazari. Kwa kuwa bamba ni angavu, lilaze juu ya kioo, na chini ya kioo weka karatasi uliyochora mistari miwili: wa mahali bamba linapokaa na wa mahali pembe za A4 zinapoangukia. Kila karatasi ianzie kwenye pembe zile zile. Bila alama hizo tabaka la pili halitalikuta la kwanza, hata uwe na jicho la fundi seremala. Bamba dogo la inchi 6 kwa 6 ni rahisi kulimudu na linatosha kwa kadi, ila jani la mhogo lililokomaa litatokeza nje.

Bamba likitoka kwenye pakiti huwa na utando wa mafuta, na rangi ya kwanza hujikusanya vitone kama maji juu ya jani la magimbi. Si kasoro. Lioshe kwa kiganja na sabuni ya vyombo, suuza, likaushe kwa kulipapasa na kitambaa laini. Usitumie sponji la kusugulia sufuria. Mkwaruzo ukiingia hautoki, na utaonekana kwenye kila chapa.

Wengi hulishitaki bamba kwa kosa la rangi nyingi. Kwa eneo lote la inchi 8 kwa 10 unahitaji mililita 2 za rangi, chini ya nusu kijiko cha chai, zilizogawanywa matone manne au matano. Rola iwe ya mpira, upana wa sentimita 10. Rola ya sponji ya mchora ukuta hunywa rangi na kuacha vipele. Iviringishe kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, na iinue kila mwisho wa mstari badala ya kuiburuta kwenda na kurudi. Sikiliza: rola ikitoa mlio mwembamba wa kunata, kama selotepu inayobanduliwa polepole, rangi imefika kipimo. Ikitoa mlio wa majimaji, imezidi. Rangi ikizidi huteleza chini ya kingo za stensili na kuzivuruga, hujaza mashimo ya mishipa ya jani, na ikianza kukauka huikamata karatasi mpaka ichanike. Kasoro tatu hizo zote zinatokana na kosa moja.

Ikipungua mno nayo hukauka kabla hujaweka chochote, na chapa hutoka na madoadoa. Zima feni. Katika chumba chenye joto na upepo, tabaka jembamba hukauka ndani ya dakika moja au pungufu, kwa hiyo majani na stensili viwe vimeshapangwa pembeni kabla rangi haijagusa bamba. Akriliki zinazokawia kukauka zipo, kama Golden Open, lakini hizo hufanya kila tabaka lisubiriwe, na kazi ya matabaka hukwama. Tunashauri akriliki ya kawaida na mikono ya haraka.

Sasa stensili. Plastiki za dukani nyingi zina unene wa robo milimita hivi. Kwa kupiga rangi ukutani kwa brashi unene huo ni mzuri. Juu ya bamba la jeli ni tatizo: karatasi haiwezi kuzama hadi chini ya matundu madogo, na kila umbo hutoka limezungukwa na ukingo mweupe. Tundu likiwa jembamba kuliko milimita 3, mara nyingi halitoki kabisa. Mifumo yenyewe pia ni ya mimea ya kwingineko, waridi na mizabibu, wakati nje ya mlango kuna mlonge. Filamu ya zamani ya eksirei ina unene kama milimita 0.2, haichaniki, inakatika kwa wembe mpya, na haigharimu kitu. Iloweke kwenye maji yenye dawa ya kufulia ya klorini, picha itafutika na ubaki na plastiki angavu. Hakikisha jina la mgonjwa nalo limefutika. Jalada la faili la plastiki jembamba ni bora zaidi kwa matundu madogo, ingawa baada ya kuoshwa mara kadhaa huanza kujikunja.

Unapokata umbo la jani, usikate mistari yote iungane. Acha madaraja, yaani vipande visivyokatwa, ya milimita 2 kati ya mshipa mkuu na pande zake, la sivyo jani zima linadondoka na unabaki na shimo. Usilitupe likidondoka: kipande hicho ni kinga, utakilaza kwenye rangi pale unapotaka tabaka la chini libaki wazi.

Stensili moja hutoa chapa mbili kwa rangi moja, na anayechukua moja tu anatupa nusu ya kazi. Ilaze juu ya rangi mbichi, weka karatasi, sugua: rangi ya kwenye matundu imepanda juu ya karatasi. Kisha ondoa stensili taratibu kwa kuanzia pembe moja, weka karatasi ya pili: rangi iliyokuwa imefichwa chini ya plastiki inatoka, na umbo linaonekana kinyume. Stensili nayo imebaki na rangi upande wa chini. Igeuze, igandamize kwenye karatasi ya tatu. Kisha ioshe palepale. Akriliki ikikaukia kwenye matundu ya milimita 3 huyaziba, na kuitoa kunahitaji spiriti ya hospitali na subira.

Majani halisi ndiyo yanayoipa chapa uhai ambao stensili haiwezi. Jani la mpera ndilo la kuanzia, kwa sababu mishipa yake imejitokeza sana upande wa chini. Mwarobaini una kingo za misumeno zinazotoka safi. Mlonge unafaa kwa tawi zima, vijani vidogo vikijaza nafasi. Kangaga hutoka vizuri kuliko vyote, bora vijani vyake visilaliane. Jani la mhogo lina umbo la kupendeza, lakini kikonyo chake hutoa utomvu mweupe unaonata. Likate kikonyo, lifunike ndani ya gazeti chini ya vitabu usiku mmoja, ndipo ulitumie. Usiku mmoja unafaa kwa karibu majani yote: hulala bapa lakini hubaki na unyevu wa kutosha lisivunjike. Jani lililokauka kabisa huacha makombo kwenye bamba. La mwembe lililokomaa ni gumu mno, haligusi rangi katikati. Kikonyo kinene kipasue kwa wembe au kiondoe, maana huinua karatasi na kuacha alama nyeupe kama mkia.

Laza jani, mishipa ikitazama chini kwenye rangi. Funika kwa karatasi chakavu, sugua, inua. Karatasi hiyo imebeba rangi ya pembeni na imepata kivuli cheupe cha jani; iweke akiba. Sasa bandua jani kwa kibano, ukianza na ncha. Chini yake imebaki rangi nyembamba yenye ramani ya mishipa. Laza karatasi safi na kandamiza kwa nguvu zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa ncha za vidole. Chapa hii ya pili ndiyo unayoitafuta. Ile ya kwanza ni maandalizi tu.

Matabaka unaweza kuyajenga kwa njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha karatasi ile ile kwenye bamba mara tatu au nne, kila mara na rangi mpya, ukiiacha ikauke katikati. Ya pili ni kujenga picha yote juu ya bamba na kuiinua kwa mkupuo mmoja: unatengeneza jani, unaliacha likauke kabisa, unaongeza stensili kwa rangi nyingine, unaiacha ikauke, halafu unapaka tabaka jipya la rangi mbichi juu ya vyote na kulaza karatasi. Rangi mbichi hushika zile kavu na kuzibandua. Acha karatasi hapo dakika 10 chini ya kitabu kizito, kisha inua pembe na uchungulie; ikiwa jeli bado imebaki na rangi, rudisha na usubiri.

Hapo ndipo waliozoea kuchora kwenye turubai hukosea. Kinachowekwa kwanza kwenye bamba ndicho kinachokuwa juu kwenye karatasi. Jani la mbele lianze, usuli uje mwisho. Na kila kitu hutoka kimegeuzwa kushoto kwenda kulia. Ukiubadili mpangilio, rangi nyeupe uliyodhani ni usuli itakuwa pazia juu ya kila kitu.

Rangi za kununua ni chache: njano moja, majenta, buluu, na nyeupe. Soma alama ya pigmenti, yaani kiini cha rangi, kwenye mrija. PR122 ni majenta inayopenyeza mwanga, PB15 ni buluu inayopenyeza, PW6 ni nyeupe inayoziba. Mirija ya akriliki iitwayo Amsterdam ina kimraba: kikiwa kitupu rangi inapenyeza, kikijazwa inaziba. Kwa matabaka unataka zinazopenyeza, ili njano ya chini na buluu ya juu zizae kijani bila kuchanganywa. Ukipandisha nyekundu juu ya kijani unapata udongo, na tabaka la tatu halitaiokoa. Rangi za poster za shule hubaki na ungaunga na haziinuki zikikauka. Rangi za mafuta, zile za kung'aa ambazo wachoraji wa Tingatinga huzitumia, usizikaribishe kabisa. Vimumunyishaji vyake vinaweza kuliharibu bamba.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inatosha kwa kujifunza, ingawa hujikunja. Ya kuchorea, laini, ya gramu 120 hadi 160, ndiyo tunayoipa alama za juu. Ya rangi ya maji ya gramu 300 yenye mikwaruzo haishiki mishipa. Karatasi ya picha inayong'aa ni marufuku: hujibandika kwenye jeli, na kuing'oa kunaweza kuondoka na kipande cha bamba. Karatasi ya kawaida ikikwama, usiivute. Inyunyizie maji, subiri ilainike, ikunjue kwa kidole.

Katikati ya rangi huna haja ya kuosha bamba; mabaki kidogo hunogesha tabaka linalofuata. Rangi iliyoganda huinuka kwa selotepu pana, au kwa mafuta ya watoto yaliyoachwa dakika chache na kufutwa kwa kitambaa. Baada ya mafuta osha tena kwa sabuni, ama vitone vitarudi. Hifadhi bamba bapa, katikati ya plastiki zake mbili laini, bila kitu juu. Ukiliweka ndani ya plastiki yenye viputo, litachukua alama za viputo hivyo.

Bamba la kujipikia nalo lina watetezi: gramu 84 za jelatini ya unga, mililita 360 za gliserini ya duka la dawa na mililita 360 za maji yaliyochemka, kwa trei ya sentimita 23 kwa 33. Loweka jelatini ndani ya nusu ya gliserini, ongeza maji huku ukikoroga polepole, malizia gliserini, uondoe mapovu kwa kupitisha vipande vya gazeti. Linafanya kazi nzuri na likichubuka linayeyushwa upya. Udhaifu wake ni joto. Mchana wa Februari kule Mombasa hulegea. Jelatini pia hutoka kwa wanyama, mara nyingi nguruwe, jambo ambalo wengine hawatalikubali mezani kwao. La Gelli Arts halina kitu cha mnyama.

Chapa zikikauka zisilalishwe uso kwa uso. Akriliki hujishika yenyewe, hata ya wiki nzima, na joto huizidisha. Weka karatasi ya kuokea keki kati ya kila mbili.