Alendroneti miligramu 70: kidonge kizuri, boksi lisilosema lini uache

Alendroneti imekuwa sokoni Marekani tangu 1995, ilipoidhinishwa kwa jina la Fosamax. Siku hizi vidonge vya bei nafuu vya kampuni nyingine vimejaa, na kazi ni ileile: kuimarisha mifupa iliyodhoofika, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Boksi la kawaida lina vidonge 4, kimoja kwa wiki. Lawama yetu kubwa ni moja: karatasi ya ndani inaeleza kwa kirefu namna ya kumeza, lakini mtumiaji hapati tarehe ya kurudi kuulizwa kama bado anaihitaji.

Kumeza kwenyewe kuna masharti, na si ya kubembelezana. Asubuhi ukiamka, tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji ya kawaida, kama mililita 200. Chai, kahawa, juisi na maji yenye madini vyote havifai. Baada ya hapo usilale wala usile kwa nusu saa, kaa wima au simama. Kidonge kikikwama kwenye umio kinauchoma. Hata ukifuata yote, mwili unanyonya chini ya asilimia 1 ya dawa, kwa hiyo kikombe cha chai ya maziwa kinatosha kuipoteza. Vidonge vya kalsiamu visogeze hadi mchana. Mwenye figo zilizochoka (uchujaji chini ya mililita 35 kwa dakika) au kalsiamu ya chini kwenye damu asianze.

Inafanya kazi? Ndiyo, tena sana. Utafiti mkubwa wa California uliochapishwa 2020 ulikadiria kwamba wanawake Wazungu 10,000 wakitumia dawa za kundi la alendroneti kwa miaka 3, nyonga 149 zinaokolewa zisivunjike, na mivunjiko 2 ya mfupa wa paja inatokana na dawa yenyewe. Kwa wenye asili ya Asia ni nyonga 91 kwa mapaja 8. Hesabu bado iko upande wa dawa, ila pengo linapungua, na hatari ya paja hupanda kadiri miaka inavyosonga. Kwa hiyo anayeacha kidonge mwaka wa kwanza kwa kuogopa paja anajipunja.

Sasa hilo paja lenyewe. Dawa huzizuia seli zinazomega mfupa uliochakaa. Lakini mfupa hujikarabati kwa kumega kwanza, kisha kujenga. Ukizuia umegaji miaka na miaka, vinyufa vya kawaida vya kutembea havizibwi. Paja likibeba uzito hujipinda kidogo na upande wake wa nje huvutwa. Ufa huanzia hapo, ukakata kuelekea ndani karibu kwa kukingama. Mtu anaweza kuwa hajaanguka hata: kageuka tu jikoni, mfupa umekatika. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo hili liingizwe kwenye maelezo ya dawa mwaka 2010.

Bahati nzuri mfupa huu hupiga hodi. Wagonjwa wapatao 7 kati ya 10 huumwa paja au kinena wiki au miezi kadhaa kabla: maumivu butu, ya kukanyagia. Na hapa ndipo mambo huharibika. Mama anapewa dawa ya maumivu, anaambiwa ni uzee au baridi yabisi, au anapigwa picha ya nyonga peke yake wakati ufa uko katikati ya paja. Omba eksirei ya paja zima, kuanzia nyonga hadi goti, na mapaja yote mawili, kwa sababu mguu wa pili nao mara nyingi umeanza. Anayesoma picha aambiwe dawa inayotumika na tangu mwaka gani. Anatafuta kijinundu kwenye ukuta wa nje wa mfupa, wakati mwingine na mstari mweusi unaokikata. Picha ikiwa safi na maumivu yapo, aende kupigwa MRI, picha ya mashine ya sumaku. Ufa ukionekana, dawa isimame, mguu uondolewe uzito kwa magongo, na daktari wa upasuaji wa mifupa aamue kama ataweka chuma kirefu ndani ya mfupa kabla haujakatika. Asingoje sana: ukishakatika, mfupa wa namna hii huchelewa kuunga.

Muda wa matumizi: miaka 5, kisha kukaa na daktari upya. Ambaye hajawahi kuvunjika nyonga wala uti wa mgongo, na kipimo chake cha uimara wa mifupa kimepanda, anaweza kupumzika. Dawa iliyojikita mfupani huendelea kulinda kwa muda, huku hatari ya paja ikishuka haraka. Mwenye hatari kubwa ya kuvunjika nyonga au mgongo anaweza kufika miaka 10. Anayemeza prednisoloni (dawa ya steroidi) pia aangaliwe kwa karibu zaidi. Na kama mama anatumiwa boksi na watoto walio ughaibuni, mwezi na mwaka wa kuanza uandikwe juu ya boksi kwa kalamu, maana hakuna famasi inayomhesabia.

Habari hii ya kupumzika isihamishiwe kwenye denosumabu, dawa nyingine ya mifupa inayochomwa kwa sindano kila miezi 6. Ile ukiiacha ghafla bila dawa ya kuipokea, pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mkupuo.