Ripoti za zamani za hospitali za akili: kurasa safi, grafu inapotosha

Nimelipia miezi mitatu ya hii hifadhi ya mtandaoni ya ripoti za hospitali za akili za Marekani. Mimi ni muuguzi wa wodi ya akili, huu mwaka wa 19, na nilitaka kujua jambo moja tu: waliolala kwenye vile vitanda walikuwa na umri gani?

Ukifungua tu unakutana na grafu. Mstari unapanda mpaka 1955, watu zaidi ya 558,000 kwenye hospitali za majimbo, halafu unaporomoka hadi kama 72,000 mwaka 1994. Pembeni wameandika neno moja: dawa. Hapo nikakunja uso. Klopromazini, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, ilianza kutumika kule 1954, sawa, na nimeshaona inavyomtuliza mtu. Lakini wodi zile zilikuwa na wazee tele waliosahau hata majina ya watoto wao, na dawa hiyo hairudishi kumbukumbu.

Achana na grafu, ingia kwenye kurasa zenyewe. Hapo hela yako unaiona. Zimepigwa picha vizuri mpaka doa la wino pembezoni mwa jedwali linaonekana. Nilikesha na za New York. Sheria ya 1890 iliposema jimbo ndilo litakalogharimia wagonjwa wa akili, kaunti zikaanza kuwatoa wakongwe kwenye nyumba za maskini walizozigharimia zenyewe na kuwapeleka hospitali za jimbo: jana mzee, leo kichaa. Baada ya 1965, Medicaid, mpango wa serikali wa kugharimia matibabu ya wenye kipato kidogo, ikawa inachangia gharama za makao ya kuuguzia wazee, na majimbo nayo yakawahamishia huko. Wazee walifuata mfuko. (Wa kaswende iliyopanda kichwani ndio waliopungua kwa dawa kweli, penisilini.)

Kero yangu ni kichujio cha umri. Kinachanganya waliolazwa mwaka huo na waliokuwamo tayari. Mtu kaingia ana miaka 25, kakaa 40, kinamhesabu sawa na bibi aliyeletwa jana! Niliwaandikia huduma kwa wateja, wakanijibu nifute historia ya kivinjari.

Nyota 3 kati ya 5. Nitaongeza mwezi mmoja nimalize New York, nikihesabu mwenyewe kwa kalamu na daftari.