Jahazi au Ngalawa? Laptop Mbili Kubwa, Bajeti Moja

Haya, karibuni tena. Leo mezani nina laptop mbili kubwa, zote mpya, na bei zimekaribiana kiasi kwamba bei peke yake haiwezi kukuamulia. Hii ya kushoto ina kioo cha inchi 17.3, tuiite Jahazi. Ya kulia ni ya inchi 16, hii ni Ngalawa. Majina ya kiwandani siyataji kwa makusudi. Namba za modeli hubadilika kila kukicha, na mimi nataka ukitoka hapa uweze kukagua laptop yoyote, si hizi mbili tu.

Niseme ukweli: nilipozitoa kwenye maboksi, moyo ulikwenda kwa Jahazi. Kioo kikubwa, SSD (hifadhi ya mafaili) ya terabaiti 1, na stika ya prosesa, yaani ubongo wa laptop, aina ya Ryzen 5 yenye namba inayoanzia na 7. Ngalawa ina SSD ya gigabaiti 256 tu, na prosesa yake inaanzia na 5. Mwenye pesa ya kuhesabu akisimama mbele ya hizi mbili, mkono unaenda kwa Jahazi wenyewe. Usilipe kwanza.

Tuanze na kioo, na hapa nitakaa. Nina rula. Kioo cha Jahazi, kutoka juu hadi chini: sentimita 21 na nusu. Ngalawa… sentimita 21 na nusu. Mnaona hapo? Nilirudia kupima nikidhani nimekosea. Ni kwamba inchi za kioo hupimwa mshazari, kona kwa kona. Jahazi ina umbo la 16 kwa 9, Ngalawa 16 kwa 10. Kwa hiyo ule ukubwa uliozidi wote umekwenda kwenye upana, karibu sentimita 4. Ukiangalia filamu utaufaidi. Ukiandika au ukipiga hesabu, unachohitaji ni kimo, na kimo ni kilekile.

Tena Ngalawa inakitumia vizuri zaidi. Nimefungua jedwali lilelile la Excel kwenye zote mbili, ukubwa wa maandishi asilimia 100. Jahazi ina pikseli 1080 kwenda chini, Ngalawa 1200. Mstari wa kawaida wa Excel unakula pikseli 20, basi Ngalawa inanionyesha mistari 6 zaidi. Gharama yake ni kwamba herufi zinakuwa ndogo kidogo: pikseli 141 kwa kila inchi, dhidi ya 127 za Jahazi. Kama macho yameanza kudai miwani, hilo lipime vizuri.

Sasa angalia hii picha ya mtu aliyekaa kivulini. Kwenye Jahazi, nikisimama, weusi unageuka kijivu. Nikiinama, uso wote unaingia giza. Nikikaa sawasawa, picha inarudi. Hicho ni kioo cha aina ya TN. Ngalawa ina aina ya IPS, nazunguka nayo huku na huku, picha imetulia. Kwenye karatasi ya vipimo ni herufi chache tu. Zikikosekana kabisa, muulize muuzaji, na akikwepa swali, simama pembeni uangalie mwenyewe.

Prosesa. Hapa ndipo wengi wanapigwa chenga. Jahazi ina Ryzen 5 7520U, Ngalawa ina Ryzen 5 5625U. Kwa mpangilio wa namba za AMD, kampuni ya prosesa hizi, wa mfululizo huo wa 7000, tarakimu ya kwanza ni mwaka wa bidhaa. Umri wa teknolojia iliyo ndani unausoma kwenye tarakimu ya tatu. Kwenye 7520 ni 2, yaani Zen 2 (Zen ni jina la teknolojia hiyo, namba ikikua ni mpya zaidi), na ina viini 4 vya kufanyia kazi. Ile 5625U ni Zen 3, viini 6. Kwa hiyo yenye namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Wala si uongo wa muuzaji, huenda hata yeye hajui.

Halafu RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi ulizofungua. Zote zimekuja na gigabaiti 8. Leo zinatosha kwa kubanabana; ukifungua kurasa nyingi za intaneti na simu ya video juu yake, unaanza kusikia feni. Ya Jahazi imechomelewa kwenye bodi, ni 8 mpaka siku utakapoiuza. Ngalawa ina sloti mbili na moja iko wazi. Ukipata pesa mbele ya safari unachomeka nyingine, na picha nazo zinapata nafuu, kwa sababu sehemu ya prosesa hizi inayochora picha inaazima RAM hiyohiyo, na vipande viwili vinapitisha data kwa njia mbili.

Na ile SSD ndogo ya Ngalawa, je? Inabadilishwa kwa bisibisi. Ndiyo maana haikunitisha.

Betri nitapita haraka: Jahazi wati-saa 41, Ngalawa 54. Hesabu mwenyewe: kazi nyepesi ikila wati 10, ya kwanza ni saa 4, ya pili saa 5 na ushee.

Mimi nachukua Ngalawa. Ila sitamcheka anayechukua Jahazi, kama laptop haitoki mezani, anayeitumia anataka herufi kubwa, na kazi ni barua pepe na filamu za jioni. Kuibeba ni habari nyingine. Niliwahi kuwa na ya inchi 17; zipu ya begi ilikuwa haifungi hadi mwisho, na siku ya mvua nilijua kwa nini zipu huwekwa.

Kabla hujatoa pesa, omba iwashwe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, halafu Memory, tazama palipoandikwa Form factor. Ukikuta SODIMM, ni RAM ya kuchomoa. Ukikuta Row of chips, imechomelewa. Ukikutana na modeli inayokuchanganya, niandikie prosesa, RAM na aina ya kioo hapo chini, tuitazame pamoja.